Vunjajungu kwenye seva yetu: MantisBT baada ya miezi minane

Kwa miaka miwili hitilafu za programu yetu ziliishi WhatsApp. Ni programu huria ya kutunza hesabu za vikoba, vikundi vya kuweka na kukopa. Tunaiandika watu wanne, jioni baada ya kazi, na wanaoitumia zaidi ni waweka hazina wa vikundi, wengi wao akina mama, kwenye simu zao. Tatizo likitokea, sauti ya dakika mbili inaingia kwenye kundi saa nne usiku, halafu juu yake zinakuja taarifa za msiba, michango ya harusi na picha za mtoto aliyefaulu. Kukipambazuka hakuna anayeikumbuka.

Nikaamua tutafute mfumo wa tiketi, ambapo kila hitilafu inapata ukurasa wake na namba yake. Bugzilla naiheshimu sana, ipo tangu 1998, lakini kabla mtu hajaandika neno inamtaka achague sehemu ya programu anayoilalamikia, na mweka hazina hana sababu ya kuijua. Tiketi za GitHub, tovuti tunakohifadhi msimbo, zimekaa pazuri, kando ya msimbo wenyewe, ila lazima uwe na akaunti ya GitHub. Kama wanaokuletea hitilafu ni waandishi wa programu wenzako, baki huko huko, usijisumbue na seva. Wetu si hao.

Ndipo nikafika kwa MantisBT. Ilianza mwaka 2000, imeandikwa kwa lugha ya PHP, ina leseni huria ya GPL, na jina lake ni la vunjajungu, mdudu anayewinda wadudu wenzake.

Kuisimika hakukumaliza hata saa moja. Unapakia faili, unatengeneza hifadhidata, unafungua ukurasa wa usimikaji na kujaza unachoulizwa. Mambo mawili usiyalaze: akaunti ya msimamizi inakuja na jina administrator na nenosiri root, ambalo dunia nzima inalijua, kwa hiyo libadilishe kabla hujanyanyuka kitini, na folda ya admin ifute, Mantis yenyewe inakuonya.

Barua pepe ndizo zilizonitoa jasho. Siku nne taarifa hazikumfikia mtu hata mmoja, kumbe kampuni niliyokodi seva kwake imefunga poti 25, mlango wa kawaida ambao seva hutumia kutumiana barua. Nikaingia config_inc.php, faili la mipangilio ya Mantis, nikaelekeza barua zipite SMTP, njia ya kutumia barua pepe, kwenye poti 587, zikaanza kufika. Kikwazo kingine ni picha. PHP isipoguswa hukataa faili inayozidi MB 2, na picha ya simu ya siku hizi inapita hapo kirahisi. Ongeza kiwango hicho kabla hujamkaribisha mtu yeyote.

Kilichonifanya niipende ni fomu ya kuripoti. Mantis inakuruhusu kuchagua visanduku vitakavyoonekana, nami nikaondoa karibu vyote: ukali, kipaumbele, aina ya mashine. Nikabakiza kichwa, maelezo, hatua na picha. Kisha, kwa faili moja inayoitwa custom_strings_inc.php, nikabadilisha maneno. Kisanduku cha hatua sasa kinauliza: «Ulikuwa unafanya nini, kimoja baada ya kingine, mpaka likatokea?»

Swali hilo lilituletea tiketi 0000031. Kwa miezi mitatu tulikuwa tunasikia kwenye sauti kwamba «faini zinazidi». Tulipekua hesabu, tukajaribu kwenye simu zetu, hatukuona kitu. Mama mmoja wa Korogwe akajaza kile kisanduku: amefungua jina la mwanachama, ameandika faini ya 1,000, amebonyeza Hifadhi, mtandao ukawa mzito, akabonyeza tena. Mistari minne tu. Faini iliingia mara mbili kwa sababu kitufe kilikubali kubonyezwa mara mbili, na sisi wenye intaneti ya ofisini tusingeliona hilo milele. Tulilirekebisha jioni ile ile.

Rangi nazo zimesaidia kuliko nilivyotegemea. Tiketi mpya ni ya waridi, iliyokabidhiwa mtu ni bluu, iliyotatuliwa ni kijani. Watu hawanipigii tena kuuliza «imefikia wapi», wanatazama rangi.

Sijaridhika na orodha ya tiketi kwenye simu. Jedwali ni pana, unalisukuma kwa kidole kwenda pembeni, na sehemu ya kuchuja imejaa vitu mno. Nimewaelekeza watu wafungue tiketi kupitia kiungo cha kwenye barua pepe, basi. Pamoja na hayo naipa nyota nne kati ya tano, na mradi wenye watumiaji kama wetu nitauambia uisimike leo.

Yule mama wa Korogwe sasa anafuatilia hata tiketi za vikundi vingine. Juzi, chini ya malalamiko ya kikundi cha Lushoto kwamba ripoti ya mwezi haifunguki, ameandika: «Hata kwetu, lakini siku za mnada tu.» Nimeijaribu siku ya mnada, kweli haikufunguka. Tiketi imegeuka njano: imethibitishwa.