Kizimba cha nyoka kwa mfugaji wa Tabora: kipi kwanza, kipi usiguse

Kabla ya fundi, kibali. Nyoka ni mnyamapori, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haitambui kwamba babu yako alicheza ngoma na Wayeye, wale wacheza ngoma na nyoka. Anzia ofisi ya wanyamapori. Nyoka wa sumu simzungumzii kabisa hapa.

Namba 1: Sanduku la mbao, kioo mbele

Fundi yeyote wa Ng'ambo au Isevya anayetengeneza makabati ya vyombo analiweza hili. Nyoka anayetafuta njia ya kutoka husukuma kwa pua, palepale, usiku kucha. Kioo ni laini, hakimchubui sana. Mbao nazo hushika joto usiku wa Juni na Julai, mji unapopoa.

Fundi atakusifia mninga, na mninga wa Tabora ni mninga kweli, ila hapa ni mbwembwe tu. Plaiwudi inatosha. Pesa inayobaki iende kwenye reli nzuri na kufuli kama ile ya makabati ya vioo ya dukani. Angalia pale vioo viwili vinapopishana: nyoka mdogo hupenya upenyo ambao wewe unauona si kitu. Urefu wa sanduku usipungue urefu wa nyoka. Kabla hujalipa, ingiza mkono upapase kila kona. Msumari uliochomoza utauona wewe kwanza, si yeye. Vanishi ikae mpaka harufu iishe kabisa.

Akikupa maranda ya bure, mshukuru uyaache hapohapo. Vumbi la mninga huwasumbua kifua hata mafundi wenyewe. Tandika magazeti: hayana gharama, na kinyesi au damu huonekana mara moja.

Namba 2: Boksi la plastiki lenye vibanio

Kwa nyoka mdogo, hili linakaribia namba moja, tena kwa bei ndogo na ni rahisi kuosha. Matundu ya hewa yatoboe kwa msumari wa moto ukitokea ndani kwenda nje, ili ncha kali zibaki nje. Vibanio hulegea, kwa hiyo zungushia mpira wa baiskeli. Balbu usiilaze juu ya plastiki.

Namba 3: Tangi la samaki

Linapendeza sebuleni, basi. Mfuniko wake haukutengenezwa kuzuia kiumbe mwenye nguvu, na likiwekwa dirishani jua la Oktoba litamwivisha aliyemo. Kama umelipata la mtumba kwa bei poa, ziba pande tatu kwa karatasi apate kujificha, kisha tengeneza mfuniko wenye komeo. Selotepu iwe nje tu. Ikimnata kwenye magamba, usiivute. Ilainishe taratibu kwa mafuta ya kula.

Usinunue: kizimba cha waya wa kuku

Hata ukipewa bure. Pua itachubuka mpaka nyama ionekane, na kidonda hakitapona maadamu bado anasugua.

Vinavyoongezwa kwenye bajeti

Vipimajoto viwili: upande wa joto kama nyuzi 30, wa baridi kama 25. Mchana wa Tabora mara nyingi hauhitaji hata balbu. Ukiiweka, iwe na kikinga cha waya nje yake, maana nyoka anaweza kujilaza kwenye kitu cha moto mpaka akaungua bila kujiondoa.

Povidone-iodine ya duka la dawa: izimue kwa maji safi ifanane na chai nyepesi, uoshee mchubuko mdogo wa juu juu. Dawa ya meno, asali na mafuta ya breki viache. Akiungua, akivimba mdomo au kidonda kikitoa usaha, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Ngozi iliyogandia wakati wa kujivua ilainishe kwa kitambaa chenye maji. Ile ya jichoni usiibandue kwa kucha.

Panya mpe aliyekwisha kufa. Aliye hai humng'ata nyoka asiye na njaa.

Mwisho, makopo manne ya oili chafu chini ya miguu ya meza inayobeba kizimba. Siafu wakimkuta nyoka amefungiwa, hana pa kukimbilia, na kufuli yako nzuri ndiyo itakayomzuia.