Skuta ya umeme ya Mama, Disney World: kukodi kwa kampuni ya nje

Mamangu ana magoti mabovu, na Walt Disney World, zile bustani kubwa za burudani kule Orlando, Marekani, si mahali pa kuzunguka na mkongojo. Skuta za kukodi, zile za kukalia za wasioweza kutembea sana, ziko kwenye lango la kila bustani, lakini huwezi kuagiza mapema, zikiisha zimeisha, na hutoki nayo nje. Kumbe jioni ukiwa hoi ndipo unapoihitaji zaidi. Tukakodi kwa kampuni ya nje ya Disney, inayoleta mpaka hotelini.

Mama hajawahi kuendesha hata baiskeli, ila hii aliimudu mara moja. Kidole gumba cha kulia chapeleka mbele, cha kushoto charudisha nyuma, ukiachia yasimama. Kitufe cha mwendo kina picha ya kobe na ya sungura. Mimi namwekea kobe, yeye ageuza sungura.

Mabasi ya Disney ni raha. Dereva hushusha kibao cha kupandia, mwenye skuta huingia kabla ya foleni (na macho utakatwa, zoea). Ila skuta isizidi upana wa inchi 32 na urefu wa inchi 48, kwa hivyo uliza vipimo kabla hujalipa.

Teksi ni habari nyingine. Matangazo husema "nyepesi, inafunguka." Kweli inafunguka: kiti, kikapu, betri, kisha kiwiliwili vipande viwili. Lakini kile cha nyuma chenye mota tulikiinua watu wawili, buti ikajaa, na mabegi tukayapakata.

Animal Kingdom, bustani mojawapo ya Disney yenye wanyama, kuna kijiji cha Harambe, kimeigwa miji ya mwambao wetu, Lamu hasa. Njia wameifanya mbovumbovu makusudi, skuta yatikisika kweli. Mama akasimama mbele ya duka liitwalo Mombasa Marketplace, akaangalia bei, akaniambia, "Mwanangu, hii si Mombasa ya kwetu." Kwenye Kilimanjaro Safaris, ile ziara ya gari ya kutazama wanyama, skuta haipandi garini, unahamia kiti cha magurudumu cha kusukumwa.

Lawama yangu ni betri. Ilichajiwa usiku kucha, lakini alasiri taa ishakuwa nyekundu, sisi tuko mbali na lango, na mvua ya Florida inatunyeshea. Mfuko wa plastiki wa kufunika vitufe ubebe, usibishe. Nilipiga simu, wakaleta nyingine usiku uleule bila maneno mengi. Nawapa nyota nne. Ningetoa tano kama ile betri wangeijaribu kabla ya kutuletea.