Vyombo vya kale vilivyochovywa fedha: kagua mikono kabla ya mng'aro

Tangu Idi iliyopita malalamiko yanayonifikia kutoka kwa akina mama wenzangu hapa Uingereza yanafanana. Mmoja alinunua sinia kubwa linalong'aa, la metali nyingine iliyopakwa fedha nyembamba juu, akalipakia pilau, na mkono ukang'oka kabla hajafika mezani. Mwingine alibaki na mkono wa bakuli la supu kiganjani. Wote walikagua nakshi na mng'aro. Hakuna aliyekigeuza chombo akatazama pale mkono ulipoungwa.

Chombo kilichoungwa kwa lehemu ya fedha kina kiungo chembamba, rangi moja na mwili wake. Kilichokwisha kuvunjika kikaungwa harakaharaka kwa lehemu ya risasi kina uvimbe wa kijivu kuzunguka mguu wa mkono. Muuzaji akisugua sana, uvimbe huo hupotea machoni, kwa hiyo kisogeze mdomoni ukipulizie pumzi ya joto. Ukungu ukitanda, kiraka hujitenga na fedha, unaona rangi mbili. Halafu shika mikono yote miwili ya chombo uitikise polepole. Ukisikia hata mlio mdogo, rudisha mezani kwa muuzaji. Risasi ni sumu, haifai karibu na chakula. Na fundi akitaka kuunga upya kwa lehemu ya fedha, lazima aiondoe yote kwanza, maana ikipata moto mkali inatafuna chombo chenyewe.

Baada ya hapo ndipo tuzungumze majina ya watengenezaji.

Kwangu mimi wa kwanza ni Elkington wa Birmingham, na sifichi mapenzi yangu. Ndio waliopata hataza ya kuchovya fedha kwa umeme mwaka 1840, na vyombo vyao vingi vina herufi ya mwaka, hivyo hutegemei hadithi za muuzaji. Tafuta bakuli lao la kifuniko: mpini wa juu unafunguka, ukigeuza kifuniko unapata bakuli la pili. Wali huku, mchuzi kule. Hakikisha mpini unakaza vizuri na kifuniko kinakaa bila kucheza, kwani wauzaji huoanisha vipande vya seti mbili tofauti. Hata lile sahani wanalopewa mabingwa wa kike wa tenisi Wimbledon lilitengenezwa na Elkington mwaka 1864, na ni sahani la maji ya waridi! Sisi watu wa marashi tunaelewa.

Wa pili ni Christofle wa Ufaransa. Kazi safi, ila bei inapandishwa na jina. Wa tatu nawaweka pamoja Mappin & Webb na Walker & Hall wa Sheffield; kwa masinia ya kila wikendi wanatosha kabisa.

Vya bei ya chini havinisumbui sana. Ukiona herufi EPNS zimegongwa mgongoni, ndani ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, chombo kigumu. Ukiona EPBM, ndani ni bati kwa sehemu kubwa: laini, kinabonyea, na ukikisahau juu ya jiko kitayeyuka. Alama ya A1, ya ubora wa tabaka la fedha, isikuvimbishe kichwa, kila kiwanda kilikuwa na kipimo chake. Na kachumbari iweke kwenye kioo. Chumvi na ndimu hula fedha.

Sasa wauzaji. Wanaandika "fedha" kwenye tangazo la kitu kilichochovywa, na huku sheria ya Uingereza ya mwaka 1973 inakataza mfanyabiashara kuita fedha kitu kisicho na muhuri wa ukaguzi, isipokuwa vichache, kama vitu vidogo sana. Wengine wakiona shaba nyekundu inachungulia wanaandika "Sheffield ya zamani" na kuongeza bei. Sheffield ya kweli, aliyoibuni Thomas Boulsover mwaka 1743, ni bamba la fedha lililoshikamanishwa na shaba kwa moto kabla chombo hakijaundwa. Chenye herufi EPNS mgongoni hakiwezi kuwa hicho.

Anayeniudhi kuliko wote ni yule anayeonyeshwa shaba imetokeza katikati ya sinia akasema, "Utalichovya tu upya, dada." Kuchovya sinia kubwa mara nyingi kunazidi bei aliyokuuzia, na yeye anajua.