Giaboksi ya Land Rover 110 imechoka: uifungue au ununue nyingine?

Fundi akitoka chini ya gari anafuta mikono na kusema, "Bosi, giaboksi imekwisha, tafuta nyingine," usitoe hela siku hiyo. Huenda ni kweli imekwisha. Huenda pia ni kipande kimoja cha bati kilichotoboka, na giaboksi yenyewe ina miaka kadhaa mbele yake.

Mwongozo huu ni wa Land Rover Defender 110 yenye injini ya 300Tdi, zile zilizoanza kutoka mwaka 1994 na ambazo bado zinapanda na kushuka kreta ya Ngorongoro hadi leo. Ndani yake kuna giaboksi ya R380, na nyuma ya giaboksi kuna transfa ya LT230, kasha linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Mwenye 110 ya zamani zaidi, yenye LT77, mengi ya hapa yanamhusu pia, maana R380 ni mtoto wa LT77. Utazitofautisha kwa rivasi: kwenye R380 iko kulia nyuma, chini ya gia ya tano, na kwenye LT77 iko kushoto, pembeni ya gia ya kwanza.

Defender ya zamani iliacha kutengenezwa Solihull, Uingereza, Januari 2016, lakini spea za R380 hazijawa tatizo, kwa sababu giaboksi hiyohiyo ilifungwa pia kwenye Land Rover Discovery na kwenye gari zenye injini ya Td5. Tatizo ni kuchagua. Nimezipanga njia tano kwa mtazamo wangu, kuanzia ninayoipendekeza hadi ninayoikimbia.

Kwanza hakikisha mgonjwa ni giaboksi

Gia zikikataa kuingia gari likiwa limesimama na injini inaunguruma, rivasi ikikwaruza, lakini ukizima injini zote zinaingia laini, anza na klachi. Kwenye 300Tdi foku ya klachi, kile kipande cha bati kinachosukuma klachi iachie, ina ugonjwa unaojulikana dunia nzima: ile sehemu inayokaa juu ya kichwa cha mhimili wake hulika, mwisho kichwa kinatoboa bati na kutokea upande wa pili. Pedali inakwenda chini lakini klachi haiachii sawasawa. Watu wameuziwa giaboksi nzima kwa ajili ya foku. Bahati mbaya ni kwamba kuifikia lazima giaboksi ishuke, kwa hiyo kagua kwanza silinda ya juu na ya chini za klachi. Giaboksi ikishashuka, weka foku iliyoongezewa bati pale inapotobokea.

Ngurumo nayo ina lugha yake. Gia ya nne kwenye R380 haipitishi nguvu kwenye shafti ya chini. Inakwenda moja kwa moja. Kama gari linalia kwenye gia ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya tano, halafu linanyamaza ukiweka ya nne, beringi za shafti ya chini zimechoka, na hapo giaboksi inahusika kweli. Kama mlio unaendelea vilevile hata ukikanyaga klachi na kuweka nyutro huku gari linateleza, chunguza transfa, propela na difu kabla ya kumlaumu mtu mwingine.

Kuna na ule mgongano wa "klank" unaousikia ukiachia mafuta na kukanyaga tena. Wengi husema ni difu. Lala chini, weka vizuizi kwenye magurudumu, vuta breki ya mkono, kisha fungua kifuniko cha nyuma cha transfa, pale panapofungwa PTO, kifaa cha kuchukulia nguvu ya kuendeshea mashine nyingine. Utaona mwisho wa shafti kuu ya giaboksi ukiwa umeingia ndani ya gia ya kwanza ya transfa. Weka giaboksi kwenye gia, transfa nyutro, kisha itikise ile gia kwa mkono. Ikicheza juu ya shafti, au ukikuta unga wa rangi ya kutu kati ya meno, spilaini, yaani meno ya shafti yanayoishika gia, zimelika kwa kukosa oili. Zikimalizika, siku moja utaweka gia, injini itaunguruma, na gari halitasogea hata hatua. Dawa yake ni gia ya transfa iliyotobolewa matundu ya kupitishia oili hadi kwenye spilaini. Lakini kama shafti yenyewe imelika, gia mpya peke yake itadumu muda mfupi. Lazima giaboksi ifunguliwe ibadilishwe shafti.

1. Kufungua ya kwako na kuifunga upya

Kwa mwenye gari moja au mawili, hii ndiyo namba moja. Sababu kubwa siyo bei. Ni kwamba giaboksi yako unaijua: unajua imebeba nini, oili ilibadilishwa lini, ilianza kulia wapi. Ukinunua nyingine unanunua historia ya mtu usiyemjua.

Ukifungua, badilisha beringi zote, sinkro (pete zinazolainisha gia kuingia) za gia ya kwanza hadi ya tano, oili sili zote na gasketi. Usimruhusu fundi akwambie "hii beringi bado inafaa". Kazi ya kushusha na kupandisha ni ileile, na mzigo wenyewe pamoja na transfa unazidi kilo 80. Hutaki kuurudia baada ya miezi sita kwa ajili ya beringi moja. Humohumo weka klachi mpya, rilisi beringi, bushi ndogo ya katikati ya flaiwili, na uangalie sili ya nyuma ya injini. Pampu ndogo ya oili iliyo ndani ya R380 ifunguliwe ikaguliwe, husahaulika sana.

Kabla ya kuagiza chochote, soma namba iliyogongwa kwenye kasha. Herufi ya mwisho inaonyesha toleo, na baadhi ya spea hutofautiana kwa toleo. Piga picha umtumie muuzaji. "R380 tu" haitoshi.

Fundi utampimaje? Muulize anapima vipi mbano wa beringi. Shafti za R380 zinakaa kwenye beringi za koni, na mbano wake unapangwa kwa shimu nyembamba zinazohesabiwa kwa sehemu za mia za milimita. Fundi anayejua atakuonyesha saa ya kupimia na pakiti ya shimu za unene tofauti. Anayekujibu kwamba anakaza mpaka "mkono unasikia" ni mzuri kwa kazi nyingine, mpe kazi hiyo nyingine. Omba pia kuona vitu vyote vikiwa vimepangwa mezani kabla ya kufungwa, na spea za zamani uzichukue wewe.

Njia hii ina mpaka. Kasha likiwa na ufa, au beringi ilizunguka ndani ya kasha mpaka ikala kitako chake, acha. Vivyo hivyo meno ya shafti ya chini yakiwa yamebanduka. Jumlisha: ukihitaji shafti kuu, shafti ya chini na gia mbili juu ya vile vya kawaida, utakuwa umekaribia bei ya giaboksi iliyofungwa kiwandani, na hapo njia ya pili inaanza kuwa na akili.

Kwa wenye gari za watalii, wakati wa kufanya haya ni masika, Aprili na Mei, kazi ikiwa imepoa. Giaboksi iliyofunguliwa Julai hufungwa kwa haraka, na haraka hiyo utaisikia kwenye gia ya tatu.

2. Giaboksi iliyofungwa upya na wataalamu, kutoka Uingereza

Kule kuna karakana ambazo kazi yao ni hii tu. Inayojulikana zaidi ni Ashcroft Transmissions ya Luton, wanaofunga R380, LT77 na LT230. Unachonunua ni giaboksi iliyofunguliwa yote, ikapimwa na kufungwa upya, kwa dhamana.

Angalia mambo mawili kwenye bei. La kwanza, bei inayotangazwa mara nyingi ni ya kubadilishana: unarudisha ya zamani, usiporudisha unalipa nyongeza. Aliyeko Arusha au Eldoret kwa kawaida haoni faida ya kurudisha chuma kizito Uingereza, kwa hiyo ile nyongeza ihesabu kama sehemu ya bei tangu mwanzo. La pili, usilinganishe bei ya Luton na bei ya Dar es Salaam bila kuweka meli, ushuru, wakala wa bandari na VAT, ambayo ni asilimia 18 Tanzania na 16 Kenya, na inakatwa juu ya thamani pamoja na nauli na ushuru. Dhamana nayo isome: giaboksi ikifa Loliondo, nani analipa kuirudisha?

Kwa kampuni yenye gari nne au tano za injini moja, hii inapanda kuwa namba moja. Nunua moja, iweke stoo. Gari la kwanza likiugua unabadilisha, linarudi kazini, na iliyotoka inafunguliwa taratibu kuwa ya akiba ya gari linalofuata. Gari likilala msimu wa wageni linakula zaidi ya bei ya giaboksi.

3. Kutibu sehemu moja tu

Inafaa mara chache. Gia ya tano ya R380 inakaa nyuma, nje ya sehemu kuu, na inafikiwa bila kuifungua giaboksi nzima. Kama ya tano inaruka na nyingine zote ziko kimya, tibu ya tano. Foku, sili inayovuja, na ile gia ya transfa yenye matundu pia ziko kundi hili. Ila kama tayari kuna ngurumo, unalipa leo ili ulipe tena kesho.

4. Giaboksi ya mtumba

Najua wengi huanzia hapa. Ukienda Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, utaambiwa ni "safi kabisa, imetoka juzi kwenye kontena". Inaweza kuwa safi. Lakini gari la aina hii lililovunjwa kwa ajili ya spea lilivunjwa likiwa limezeeka, na giaboksi yake ilizeeka nalo.

Ukiamua, nenda na fundi wako, siyo fundi wa muuzaji. Zungusha shafti ya mbele kwa mkono kwenye kila gia, usikilize. Ivute na kuisukuma, isicheze. Fungua nati ya kumwagia oili: unga mwembamba ni kawaida, vipande vya chuma ni kwaheri. Angalia spilaini za nyuma. Rangi mpya ya fedha juu ya kasha isikuvutie, inafunika mavujo.

Kisha uliza imetoka gari gani. Ya Td5 kasha lake la mbele halifungi kwenye injini ya 300Tdi. Ya Discovery ya 300Tdi inafanya kazi, ila mpangilio wa mkono wa gia ni tofauti, utahamisha vya kwako. Na ikija na transfa yake, usiifunge kwa uvivu. Transfa ya Defender ni uwiano wa 1.41 na ya Discovery ni 1.22. Ukiweka ya Discovery kwenye 110 yenye keria, majerikeni na wageni saba, barabara ya lami utaifurahia, mlima utakuaibisha.

Hesabu pia kwamba mtumba ukifika gereji unahitaji sili, klachi na oili. Ukijumlisha hayo, tofauti na namba moja hupungua sana, na bado hujui ndani kuna nini.

Mwenye Land Cruiser HZJ75 asinukuu maneno haya. Giaboksi yake, H55F, ni chuma kizito cha kalibu kinachovumilia, na spea za Toyota ziko kila mahali. Kwake mtumba uliokaguliwa vizuri naupandisha hadi nafasi ya pili.

5. Kutoa yote na kuweka injini na giaboksi ya Toyota

Gari hizi zipo na zinatembea. Lakini unaponunua "injini na gia pamoja" unanunua pia vishikio vya kuchomelea, propela za kukatwa na kusawazishwa, na swali la breki ya mkono, ambayo kwenye 110 iko nyuma ya transfa. Namba ya injini lazima ibadilishwe kwenye kadi, TRA kwa Tanzania au NTSA kwa Kenya, la sivyo siku ya kuuza utakwama. Kwa giaboksi peke yake ni kuvunja nyumba kwa sababu ya mlango. Kama injini nayo imekufa, hapo tunaweza kuongea.

Oili

Njia yoyote utakayochukua, nunua oili mbili tofauti. R380 inataka MTF94, lita 2.7 hivi. LT230 inataka EP90, lita 2.3. Kuna gereji zinazojaza EP90 kote, na ndiyo maana sinkro za gia ya pili hukataa asubuhi ya baridi ya Karatu. Baada ya kilomita 1,000 za kwanza imwage ya giaboksi yote, uipitishe kwenye kitambaa cheupe. Ukikuta vipande, rudi kwa fundi wiki hiyohiyo, akiwa bado anakumbuka alifunga nini.