Megabiti 200 halafu video inaganda: uzoefu wangu na faiba ya nyumbani na ruta yake ya bure

Nianze na hukumu, maana wengi wetu tukisoma maoni ya wateja tunaangalia nyota na kuondoka. Laini ya faiba: nyota tano. Ruta waliyonipa bure: nyota moja, na hiyo ni kwa sababu taa zake zinawaka. Huduma kwa wateja: mbili na nusu, inategemea nani kapokea simu. Jina la kampuni siliweki. Haya nitakayoeleza yanaweza kumkuta mteja wa kampuni yoyote inayogawa ruta ya bure pamoja na kifurushi.

Kifurushi changu ni megabiti 200 kwa sekunde kupakua na 20 kupakia. Hapo tuwekane sawa kwanza. Wanauza kwa megabiti, kompyuta inakuonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo ile 200 ya kwenye tangazo ni megabaiti 25 kwenye skrini yako. Ukiona faili linashuka kwa 23 au 24, hujaibiwa. Waliotunga tangazo wanajua fika kwamba 200 inavutia kuliko 25, na sitawalaumu kwa hilo. Ninachowalaumu ni kuificha ile 20 ya kupakia kwenye maandishi madogo ya chini, kwa sababu ndiyo iliyonitoa jasho.

Ukipima kasi, kila kitu shwari. Asubuhi 198, jioni 190, usiku wa manane 199. Laini haina neno. Lakini niko kwenye kikao cha video, ghafla sauti inakatika, sura za wenzangu zinaganda midomo ikiwa wazi, kisha maneno yote yanakuja kwa mpigo kama mtu anayekimbizwa. Ukijaribu kufungua ukurasa, kijiduara kinazunguka tu. Dakika chache baadaye kunatulia, unabaki ukijiuliza kama ni wewe unayeota. Kikao kijacho, yale yale.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Kila mara mazungumzo yalikuwa hivi:

"Kaka, ruta umeizima ukaiwasha?"

"Nimeizima, dada."

"Basi sasa pima kasi, uniambie inasoma ngapi."

"Mia moja tisini na nane."

"Hapo huduma yako iko vizuri kabisa. Kuna lingine nikusaidie?"

Simu haijapoa sikioni, ujumbe unaingia: tatizo lako limetatuliwa, tafadhali tupe alama. Sina ugomvi na yule dada. Kapewa karatasi ya maswali anaisoma, na karatasi inasema kasi ikiwa sawa, funga lalamiko. Ugomvi wangu ni na aliyeiandika karatasi, kwa sababu kipimo cha kasi kinajibu swali ambalo sikuliuliza. Kinapima ni data kiasi gani inapita bomba likiwa limefunguliwa lote. Mimi naumwa na ucheleweshaji: muda ambao pakiti moja ndogo (kipande cha data kinachosafiri mtandaoni) inachukua kwenda na kurudi wakati kuna kazi nyingine inayoendelea kwenye laini hiyo hiyo.

Hili unaweza kulipima mwenyewe bila kununua chochote. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika ping -t 8.8.8.8 (amri inayotuma pakiti ndogo kwenye seva ya Google na kupima inachukua muda gani kurudi), bonyeza Enter, uache namba zishuke. (Kwenye Linux na Mac ile -t haihitajiki, inaendelea yenyewe mpaka uikatize.) Laini ikiwa imetulia, kwangu zilikuwa zinasoma milisekunde 11, 12, 11, 13. Safi sana. Huku namba zinaendelea, nikachukua simu nikaanza kupandisha video ndefu kwenye hifadhi ya wingu. Namba zikaanza kupanda: 38, 140, 410, 790, 860. Zikakaa huko huko juu. Nikasitisha upakiaji, kufumba na kufumbua zikarudi 12. Nikaanza tena, zikapanda tena. Ukishaiona hiyo kwa macho yako, hakuna mtu wa simu atakayekwambia huduma iko vizuri ukamkubalia.

Maana yake ni hii. Shirika la ITU, la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia mawasiliano, kwenye pendekezo lake la G.114, linashauri ucheleweshaji wa sauti kwa mazungumzo mazuri usizidi milisekunde 150 kwenda upande mmoja. Mimi nilikuwa karibu na milisekunde 900 kwenda na kurudi, na karibu zote zinaliwa upande wa kupanda, ndani ya ruta. Hapo hata ungekuwa na megabiti 1,000 za kupakua, kikao kitaganda.

Chanzo ni kumbukumbu ya muda ndani ya ruta, yaani bafa, ambayo ni kubwa kupita kiasi na haina akili. Ruta inapokea data kutoka kwenye simu yako kwa kasi ya waifai, lakini mlango wa kutokea ni megabiti 20 tu, kwa hiyo inapanga foleni. Fikiria dirisha moja la benki: aliye mbele yako kaja na gunia la sarafu zihesabiwe moja moja, na wewe una swali la neno moja. Ruta ya bure haijui kukwambia "pita pembeni kidogo, wewe huna mengi". Hesabu yake ni rahisi: bafa ya megabaiti 2 ikijaa, hizo ni megabiti 16, na kwa mlango wa megabiti 20 kwa sekunde inachukua sekunde 0.8 kuisha. Yaani ile 790 niliyoiona haikutoka hewani.

Kinachonikera zaidi ni kwamba dawa yake ipo siku nyingi na ni ya bure. Mhandisi Mmarekani Jim Gettys alilipigia kelele tatizo hili tangu miaka ya 2010 na 2011. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa mbinu ya kuisimamia foleni hiyo iitwayo CoDel, na mwaka huo huo ndugu yake, fq_codel, akaingizwa ndani ya Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta na vifaa vingine. Mwaka 2018 ikaandikwa rasmi kama RFC 8290, moja ya nyaraka za kiufundi za intaneti. Ruta nyingi za nyumbani zinaendeshwa na Linux. Sasa niambie, kampuni inayogawa ruta kwa wateja wake wote inashindwaje kuwasha kitu ambacho hakiwagharimu leseni? Jibu langu ni kwamba kipimo cha kasi hakikionyeshi, na kisichoonekana kwenye kipimo cha kasi hakimuuzii mtu kifurushi.

Mafundi wawili walikuja kwa nyakati tofauti. Wa kwanza alisimama hatua moja kutoka kwenye ruta, akapima kasi kwa simu yake, akanionyesha namba, akanitakia siku njema. Wa pili alikuwa mtu wa kazi. Nilimlalamikia jambo jingine kwamba laptopu ikiunganishwa kwa kebo haivuki megabiti 94, wakati kwa waifai inafika 190. Hakuuliza kama nimezima na kuwasha. Alichomoa kebo nyeupe iliyokuja ndani ya boksi, akainua kichwa cha kebo hiyo kwenye mwanga na kuniambia nihesabu nyaya. Kile kichwa cha plastiki kina nafasi 8. Ndani yake mlikuwa na nyaya nne tu: nyeupe yenye mstari wa chungwa, ya chungwa, nyeupe yenye mstari wa kijani, na ya kijani. Za bluu na za kahawia hazikuwekwa kabisa. Etheneti (mtandao wa kebo) ya megabiti 100 inaridhika na jozi mbili za nyaya, ya gigabiti 1 inataka jozi zote nne. Ukitoa nafasi inayoliwa na vichwa vya pakiti kwenye hizo 100, unabaki na ile 94. Akatoa kwenye mkoba kebo ya Cat5e yenye nyaya zote, akaichomeka, nikapima: 197. Alipokuwa anafunga mkoba akasema, "Kaka, laini yako haina shida. Hiki kisanduku ndicho kinachokutesa." Nyota zote za huduma kwa wateja mle juu ni zake.

Ukurasa wa mipangilio wa ruta hiyo ni kichekesho kingine. Neno la siri la kuingilia limebandikwa chini ya kisanduku, sawa. Ukiingia, nusu ya vitu vimefichwa na kampuni. Kubadilisha DNS (seva inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba) huwezi. Kusimamia foleni, hakuna hata kwa kutafuta. Kitufe cha kuhifadhi kinaizima ruta na kuiwasha upya bila kukuonya, hata kama ulichobadilisha ni jina la waifai tu na kuna mtu yuko katikati ya mtihani. Na mbaya kuliko yote, mipangilio uliyohangaika nayo inaweza kupotea usiku mmoja. Kampuni za intaneti husimamia ruta zao kutoka mbali kwa itifaki iitwayo TR-069, na masasisho yao yakipita, yangu yote yalirudi kama yalivyotoka kiwandani.

Waifai yenyewe sitaisema sana. Masafa ya gigahezi 2.4 na ya 5 yamewekwa jina moja, na simu yangu ilikuwa inang'ang'ania 2.4, ambako chaneli zisizogongana ni tatu tu (1, 6 na 11) na kila jirani yuko humo, pamoja na Bluetooth na oveni ya maikrowevu. Tenganisha majina, kifaa kilicho karibu kipeleke 5, kilicho nyuma ya kuta kibaki 2.4.

Mwishowe nilinunua ruta yangu inayokubali OpenWrt, mfumo huria wa ruta ulioanza mwaka 2004. Kabla ya kununua yoyote, angalia orodha ya vifaa vinavyokubalika kwenye tovuti yao, na uangalie toleo la kifaa chenyewe kwenye lebo, kwa sababu jina moja la ruta linaweza kuwa na matoleo mawili yenye chipu tofauti. Ukishaiweka, unaongeza programu ya SQM, inayosimamia foleni, na kuiambia kikomo kilicho chini kidogo ya kasi halisi. Mimi niliweka 180 kupakua na 18 kupakia. Ndiyo, unatoa kafara asilimia 10 ya kasi uliyoilipia, na kuna watu hilo linawauma. Lakini ndivyo foleni inavyohamia kwenye ruta yenye akili badala ya kubaki kwenye kisanduku cha kampuni. Nikarudia jaribio lile lile, ping upande mmoja na video inapanda upande wa pili: 14, 19, 22, 17. Kikao kizima cha video kilipita huku picha za simu zikijihifadhi, na hakuna aliyeganda.

Ili hilo likae vizuri unahitaji kampuni iweke kisanduku chao kwenye modi ya briji, kiache kazi ya uruta kibaki kupitisha data tu. Hapa nilipigwa danadana. Wa kwanza akasema huduma hiyo haipo. Wa pili akasema ipo kwa wateja wa biashara. Wa tatu akaniuliza namba ya mkataba, akanyamaza kidogo, akasema tayari kaka, washa ruta yako. Kwa hiyo ukikataliwa, kata simu, piga tena.

Kama huna pesa ya ruta nyingine, usikate tamaa. Programu nyingi za kuhifadhi mafaili kwenye wingu zina sehemu ya kuweka kikomo cha kasi ya kupakia, na kwenye laini kama yangu ukiweka 10 kati ya 20, ucheleweshaji unashuka sana. Uhifadhi wa picha wa simu upange ufanyike usiku. Kwenye Windows angalia mipangilio ya masasisho, sehemu ya Delivery Optimization, uhakikishe kompyuta yako haigawi masasisho kwa kompyuta za watu wengine kwenye intaneti, maana hiyo nayo ni kupakia.

Jambo moja la kuangalia ukishahamia briji. Sasisho la kampuni linaweza kukirudisha kisanduku chao kuwa ruta, ukajikuta una ruta mbili zinazofuatana bila kuambiwa. Tazama anwani ya nje (namba ya IP ambayo ruta yako imepewa na kampuni) kwenye ukurasa wa ruta yako. Ikianza na 192.168, briji imeondolewa, wapigie. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, briji ipo, ila kampuni inawaweka wateja wengi kwenye anwani moja ya umma, na hapo kamera ya nyumbani au seva yako haitafikika moja kwa moja kutoka nje mpaka uombe anwani yako mwenyewe, ambayo kwa kawaida huwa na malipo ya ziada. Mimi ya kwangu nimeiomba, na bado nasubiri wanijibu.