Darasa la jioni la Hisabati mjini Unguja: wiki tatu za mlinganyo wa mstari

Binti yangu yupo kidato cha pili. Aliporudi nyumbani na karatasi ya jaribio ambayo maswali yote ya mistari yalikuwa yamepigwa mkasi mwekundu, niliamua kumpeleka katika darasa la tuisheni lililopo mitaa ya Ng'ambo, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka Michenzani. Sitalitaja jina, kwa sababu nitakayoyaeleza yana lawama pamoja na sifa, na mwalimu mwenyewe tunakutana naye msikitini. Ada ni shilingi 20,000 kwa mwezi kwa siku tatu za wiki, baada ya sala ya Alasiri hadi karibu na Magharibi. Mzazi anaruhusiwa kukaa nyuma ya darasa, nami nilikaa vipindi vitano.

Tatizo la binti lilikuwa moja. Amezoeshwa y = mx + c, ambapo m ni mteremko wa mstari na c ni mahala mstari unapokata mhimili wa y, na kwa hivyo kila swali lilipompa nukta mbili ambazo hakuna hata moja iliyokaa juu ya mhimili wa y, alianza kuisaka c kabla ya jambo lolote, akakwama hapo hapo na muda ukamwishia. Mwalimu hakumkemea wala hakumpa kanuni nyingine ya kukariri. Aliuliza ni nani ambaye nyumbani kwao kuna tangi la maji, na takriban mikono yote ikanyanyuliwa, kwani mjini kwetu maji ya bomba huja kwa zamu na asiye na tangi hujuta.

Akaandika ubaoni kwamba pampu imewashwa na inasukuma maji kwa kasi isiyobadilika. Ilipotimia dakika ya 3 tangi lilikuwa na lita 140, na ilipotimia dakika ya 7 lilikuwa na lita 300. Hizo ndizo nukta mbili, (3, 140) na (7, 300), x ikiwa dakika na y ikiwa lita. Mteremko, au gredienti kama watoto wanavyouita, ni tofauti ya lita kugawanya kwa tofauti ya dakika: 300 kutoa 140 ni 160, 7 kutoa 3 ni 4, na 160 kwa 4 ni 40. Yaani lita 40 kwa kila dakika. Kisha akaandika y − 140 = 40(x − 3), akakaa kimya kidogo, akamwita mtoto mmoja aisome sentensi hiyo kwa Kiswahili bila kutamka y wala x. Mtoto alijiuma ulimi mara mbili, hatimaye akasema: maji yaliyoongezeka tangu nilipochungulia mara ya kwanza ni lita 40 mara dakika zilizopita tangu wakati huo. Nimesoma Hisabati mpaka kidato cha nne na sijawahi kuisikia njia ya nukta na mteremko ikielezwa kwa maneno machache namna hiyo. Kwa kipindi hicho kimoja ninaihesabu ada ya mwezi mzima kuwa imelipwa.

Kijana wa benchi ya mbele akauliza, "Mwalimu, na tukianzia ile ya pili?" Mwalimu akaligawa darasa nusu kwa nusu: upande wa dirishani ukaanza na y − 140 = 40(x − 3), upande wa mlangoni ukaanza na y − 300 = 40(x − 7), kisha wote wakafungua mabano. Pande zote mbili zilifika kwenye y = 40x + 20. Hiyo 20 ni maji yaliyokuwamo ndani ya tangi kabla ya pampu kuwashwa, na ndiyo ile c ambayo binti yangu alikuwa akihangaika kuitafuta mwanzoni, kumbe huja yenyewe mwishoni. Aligeuka akanitazama, nikajifanya naandika.

Kipindi kilichofuata kilikuwa cha mteremko ulio sehemu, yaani namba kama 2/3, na hapo ndipo nilipoona kwa nini njia hii inafaa kupendelewa. Kwa nukta (1, 2) na (4, 4) mteremko ni 2/3, na mlinganyo huandikwa mara moja kuwa y − 2 = 2/3(x − 1), bila kugusa sehemu nyingine. Swali likitaka umbo lenye sifuri upande mmoja, pande zote huzidishwa kwa 3 na kupatikana 2x − 3y + 4 = 0. Anayeng'ang'ania kutafuta c kwanza hukutana na 4/3 katikati ya njia, na wengi huangukia hapo.

Sasa lawama. Darasa hili huuza karatasi zake za mazoezi kwenye duka la fotokopi lililo jirani, na katika karatasi ya wiki ya pili kuna mfano wa nukta (−2, 5) na (4, −7). Mteremko umekokotolewa sawasawa: −7 kutoa 5 ni −12, 4 kutoa −2 ni 6, jibu ni −2. Lakini mstari unaofuata umechapwa y − 5 = −2(x − 2), na jibu la mwisho likawa y = −2x + 9. Kutoa hasi mbili ni kujumlisha mbili; palipasa kuandikwa (x + 2), na mlinganyo ulipaswa kuwa y = −2x + 1. Aliyegundua ni binti yangu, kwa kutumia tabia ambayo mwalimu huyo huyo ndiye aliyemfundisha, ya kuzirudisha nukta zote mbili ndani ya jibu kabla ya kuweka kalamu chini. Alipoweka −2 mahala pa x alipata 13 badala ya 5, na alipoweka 4 alipata 1 badala ya −7. Mteremko ni sahihi, ila mstari wenyewe umehamia pembeni, sambamba na ule wa kweli, na haupiti katika nukta yoyote kati ya hizo mbili. Kosa la alama hasi ndilo linalowaangusha watoto zaidi katika mada hii, kwa hivyo kuliuza likiwa limechapwa si jambo dogo.

Mstari wa wima nao ulipitiwa kwa haraka mno. Nukta mbili zikiwa na x moja, kwa mfano (3, 1) na (3, 8), tofauti ya x, ile ya kugawanyia, inakuwa sifuri, mteremko haupo, na njia ya nukta na mteremko haifanyi kazi; mlinganyo ni x = 3, basi. Mwalimu alilisema hilo huku akifuta ubao, na nusu ya watoto walikuwa wameshafunga madaftari.

Mahala penyewe ni pa kawaida. Mabenchi yanabana, feni ni moja, na umeme ukikatika somo huendelea karibu na dirisha. Nilichokipenda ni matumizi ya lugha: skulini Hisabati husomeshwa kwa Kiingereza na mtihani huja kwa Kiingereza, lakini hapa jambo huelezwa kwanza kwa Kiswahili mpaka lieleweke, ndipo huandikwa kwa Kiingereza kama mtahini atakavyotaka kuliona. Mtoto aliyekwisha kuimudu mada hii atachoka, kwani mwendo ni wa polepole. Kwa aliyekwama kama wangu, ningemlipia tena, na mwezi ujao nitamlipia.

Kuhusu ile karatasi, nilimweleza mwalimu faraghani baada ya kipindi. Alishukuru, akacheka, na siku iliyofuata aliwaamuru watoto wote wasahihishe kwa kalamu. Juzi nilipita dukani kuchukua nakala kwa ajili ya mtoto wa dada yangu, nikaifungua pale pale kaunta. Bado imeandikwa (x − 2).