TAHADHARI: mbwa aina ya Malinois "wa karatasi" wanaouzwa Lubumbashi, karatasi yenyewe haitoi haki ya kuzalisha

Wandugu, mnaojua Jumamosi tulienda wapi na nani alituelekeza, mnajua. Sirudii, ila kwa wengine: tulienda kununua watoto wa Malinois wa kuzalisha. Dola 700 zimeondoka, watoto wawili wa mbwa wamebaki, na mwizi anaendelea kuposti picha kama kawaida.

Ilivyokuwa ni hivi. Parsele (uwanja wa nyumba) safi, sakafu imemwagiwa maji ya Javel, dume kubwa limefungwa chini ya muembe. Jamaa muuzaji akatoa faili la plastiki, ndani yake karatasi moja imekunjwa mara mbili. Akaifungua taratibu, kama mtu anayefungua hati ya kiwanja. "Mukubwa, soma mwenyewe. LOF. Huyu baba yao ni wa Ufaransa." LOF ni kitabu cha Ufaransa cha kuandikisha mbwa wa asili. Halafu akachukua mashine ya kusomea chipu (kidude chenye namba kinachowekwa chini ya ngozi), ya kwake, akaipitisha shingoni kwa dume upande wa kushoto. Ikalia tii! Akatuonyesha kioo cha mashine, kidole gumba kikiwa juu ya namba za mwanzo. Tukaona namba za mwisho, tukaona karatasi, tukatikisa vichwa. Watu wazima, wenye mbwa miaka na miaka, tumetikisa vichwa kwa sababu mashine imelia.

Mtu asituchekee bure. Karatasi ilikuwa ya kweli. Si fotokopi, si ya kuchapisha pale karibu na posta. Na ndipo mayele (ujanja) yake yalipo: hakudanganya kwa karatasi bandia, alidanganya kwa karatasi halisi ambayo haina nguvu aliyosema inayo. Kifaransa tunasoma wote, hiyo ndiyo inayouma. Imeandikwa juu kabisa kwamba ni certificat de naissance. Hati ya kuzaliwa! Siyo pedigri, hati ya ukoo.

Tofauti ni hii. Ufaransa, mtoto wa wazazi walioandikwa LOF hupewa hati ya kuzaliwa tu, na uandikishaji wake ni wa muda. Anapokomaa, kuanzia umri wa miezi 10 hadi 15 kulingana na aina yake, hupelekwa mbele ya mtaalamu kwa kile wanachoita confirmation. Mtaalamu anapima urefu mabegani (Malinois dume ni sentimita 62, jike 58, inaruhusiwa kupungua 2 au kuzidi 4), anafungua mdomo kuangalia meno yanavyokutana, anapapasa kende zote mbili, anaangalia rangi na tabia. Akipita ndipo pedigri ya kudumu inatoka. Asipopita, au asipopelekwa kabisa, anabaki mbwa mzuri wa nyumbani, lakini watoto wake hawaingii kitabuni. Dume la jamaa ana zaidi ya miaka 3 na bado ana hati ya kuzaliwa. Maana yake hajapelekwa popote. Kuuza watoto wake kama "wa LOF, mtazalisha na kuuza kwa karatasi" ni uongo mtupu.

Na ngoja. Usiku tulikuza picha tuliyopiga pale uani. Chipu ina namba 15, na tatu za mwanzo zinaonyesha nchi au kampuni iliyoitengeneza. Kwenye karatasi zinaanza 250, ambayo ni Ufaransa. Kwenye kioo, pembeni ya kile kidole chake kinene, inaonekana 9. Namba ya kuanzia 9 si kosa, mbwa wengi halali wanayo, ni ya watengenezaji. Kosa ni kwamba hailingani na karatasi. Kwa hiyo hata ile hati ya kuzaliwa ni ya mbwa mwingine! Labda aliyekwisha kufa. Labda wa mzungu aliyerudi kwao.

Wanaoletewa karatasi za Kiingereza kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, nao wasijione salama. Marekani, cheti cha AKC, chama chao cha mbwa, chenye ukingo wa rangi ya machungwa ni limited: mbwa ameandikishwa, watoto wake hawataandikishwa. Kinachoruhusu kina ukingo wa zambarau. Uingereza mfugaji anaweza kuweka alama ya R, watoto wasiandikishwe, na X ya kuzuia pedigri ya kwenda nchi za nje. Kizuizi hicho anaondoa aliyekiweka, kwa kawaida yule aliyemzalisha mbwa. Mnunuzi hawezi, na mchuuzi wa katikati hawezi hata akiapa kwa mama yake. Wafugaji wa kweli hawaweki vizuizi kwa roho mbaya: wanasubiri mbwa akomae, apigwe picha ya eksirei ya nyonga (daraja A, nzuri, mpaka E, mbaya; wa D na E hawazalishwi) na ya viwiko, ndipo wafungue. Muuzaji wetu yeye amefungua mlango wa nyumba isiyo yake.

Sasa hao watoto. Alituuzia "kuple", dume na jike, tuanze kuzalisha. Tumbo moja! Kaka na dada! Ukiwapandisha, watoto wao wanabeba asilimia 25 ya kuzaliana ndani ya damu, na hapo ndipo unaona uzao mdogo, watoto wanaokufa wiki ya kwanza, na magonjwa ya kurithi kutoka kwa babu ambaye hakuna aliyejua anayo.

Alisema wana wiki 9. Dokta alipofungua midomo, magego ya utoto yalikuwa bado yanachomoza, yaani ni kama wiki 5. Kwa wiki 9, meno yote 28 ya utoto yalitakiwa yawe yametimia. Dume ana kende moja; kwa wiki 5 hatuwezi kulaumu bado, lakini tulipomuuliza muuzaji alijibu "itashuka" huku anahesabu makuta (pesa). Isiposhuka kufikia miezi 6 haishuki tena, na kasoro hiyo inarithiwa, mbwa huyo hazalishwi. Kitabu cha chanjo nacho kina stika ya kichaa cha mbwa, chanjo ambayo kwa kawaida huanzia wiki 12. Sahihi ipo, kashe (muhuri) ya daktari hakuna. Chanjo ya parvo, ule ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wa mbwa, hakuna kabisa.

Kwa haraka, kwa atakayekwenda kununua: shika mashine mwenyewe, piga picha namba zote 15, linganisha moja baada ya nyingine. Omba kumwona mama. Kwetu mama "alikuwa kwa shemeji Likasi", na sisi tukameza hiyo. Omba jina la mfugaji aliyeandikwa kwenye karatasi, umwandikie kabla hujatoa hata franga moja. Maandishi ya mauzo yaseme wazi kama haki ya kuzalisha ipo au haipo. Huyu alitupa resi (risiti) yenye neno "mbwa 2" tu.

Mtu huyu apelekwe parke, kwa mwendesha mashtaka! Arudishe makuta yetu na ya wale wawili waliotuandikia jana. Anyang'anywe mashine, anyang'anywe faili lile, na ile karatasi ichanwe mbele yake. Anajua vizuri anachofanya, maana lile gumba halikwenda pale kwa bahati.

Namba ya simu amebadilisha tangu Jumatatu. Ila pale uani, nyuma ya tangi la maji, kulikuwa na jike lingine limelala, tumbo limeshaonekana. Tumbo likifika pale limepita siku 40, na mimba ya mbwa ni siku 63. Ongeza wiki 5, maana ndivyo anavyowatoa. Kabla miezi miwili haijaisha atakuwa na "kuple" nyingine, na karatasi ni ileile imekunjwa mara mbili.